Yule wa Kuuliza

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoamka nikiamini hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Ungenilaumu? Niliishia darasa la saba, nikaja Amerika na begi moja, na kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa na lori langu mwenyewe la kuhamishia watu vyombo. Waliosoma walinipigia simu mimi.

Tena nilikuwa mchekeshaji. Mimi na rafiki yangu Barasa, aliyefanya kazi ya kutunza wazee, tuliitwa karibu kila harusi ya Wakenya. Barasa anauliza, mimi najibu, ukumbi mzima hoi kwa kicheko. Malipo tuligawana sawasawa, mpaka nikaona ananipunja.

“Wewe unauliza tu,” nikamwambia. “Nusu ya nini?”

“Sawa, ndugu yangu,” akasema. “Basi jiulize mwenyewe.”

Jumamosi nikaenda peke yangu kwenye harusi mjini Columbia. Nikasema maneno yale yale. Watu wakaendelea kula. Nikalaumu spika. Kesho yake kanisani nikasikia Barasa anahamia Atlanta kwa binamu yake. Nikasema aende.

Jumatatu, ndiyo siku yenyewe, nilikuwa namhamisha mzee mmoja Mwingereza kutoka Takoma Park kwenda kwa binti yake Oxon Hill. Sanduku moja hakutaka nilibebe. Lilijaa kanda za kaseti. Akaniambia zamani aliigiza kwenye kipindi cha vichekesho cha redio huko kwao, vile vichekesho vifupi vifupi, waigizaji wamezunguka maikrofoni, karatasi mkononi. Mwenyewe nilikijua! Baba alikuwa akikisikiliza nyumbani kwa mawimbi mafupi, anacheka hata pale asipoelewa Kiingereza.

Akaweka kanda moja kwenye redio yake ya kaseti. Nikamuuliza, “Wewe ni yupi? Yule mlevi? Yule mwenye sauti ya bibi kizee?”

“Mimi ndiye ninayewauliza.”

Nikacheka. “Kwa hiyo wewe hukuchekesha mtu!”

Hakukasirika. Akairudisha kanda mwanzo, na kila sauti yake ilipofika akaizima kwa kidole. Mwanangu, nilisikia mtu anapiga kelele peke yake kama kichaa sokoni, na umati unacheka sijui nini. Kumbe ndivyo nilivyokuwa Jumamosi.

“Wenzangu ndio waliojulikana barabarani,” mzee akasema, akiifunga redio. “Lakini kila mmoja, kabla ya kukubali kazi mpya, aliuliza kama nami nipo.”

Nilishusha vyombo vyake mbio, nikaenda moja kwa moja kwa Barasa. Nikamkuta anafunga masanduku.

“Umefuata nini?”

“Nimekuja uniulize.”

“Nikuulize nini?”

“Chochote.”

Akaniangalia, shati mkononi. “Haya. Umekuwa mjinga tangu lini?”

“Tangu Jumamosi.”

Alijizuia, akashindwa. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikia, mwanangu. Watu wakikupigia makofi, geuka umtazame aliyesimama kando yako. Mtaje jina watu wakisikia, na fungu lake mpe kamili kabla hajadai. Mungu akujalie mwenzako wa namna hiyo, na akupe moyo wa kumwendea mapema kuliko mimi. Barasa alibaki, lakini tiketi ya basi la Atlanta alikuwa ameshainunua na wenye basi hawakukubali kurudisha pesa. Nililipa mimi: dola themanini na tisa.