Walichukua Miguu Yangu, Wakaniacha Mimi

Mwanangu, Jumapili ile naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Misa imeisha, watu wamesimama nje ya kanisa la kigango chetu huku juu Mgeta wanasalimiana, na mimi nimevaa shati la marehemu baba linalonifika karibu na magoti. Mwalimu Kobelo akanishika bega, akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kesho ukiitwa, namba yako ni kumi na saba. Ile thelathini na moja usiitaje tena."

Nikamjibu, "Ndiyo, mwalimu."

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Kwa hiyo nikianza kuwataja watu hapa chini, kumbuka kwamba nimeanza na mimi mwenyewe.

Shule yenyewe siitaji. Kuta hazikunifanya kitu, na walimu wa siku zile wamekwisha kuondoka pale. Lakini watu nitawataja: Kobelo, aliyekuwa mwalimu wa michezo, Bwana Mwinuka, aliyekuwa mkuu wa shule, na Bwana Lukoo wa hesabu. Wamekula heshima ya watu miaka yote hii, wanasalimiwa shikamoo mpaka sokoni, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nikueleze ilivyokuwa. Kwetu mboga zinalimwa juu na barabara iko chini. Kabichi, karoti, njegere, vyote vinashuka kichwani mwa mtu. Gari la mboga halimsubiri yeyote, kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tunashuka mbio na matenga, tunamwaga, tunapanda tena mbio kuchukua mengine. Hakuna aliyetuambia kwamba huo ni mchezo. Kobelo ndiye aliyeliona hilo. Kila mwaka alikuwa anapanda huko kwetu kama mchuuzi, anasimama kando ya barabara na saa yake ya kubonyeza, anatutazama tunavyoteremka. Wachuuzi wengine walikuwa wanachagua kabichi, yeye anachagua miguu.

Shule yake ilikuwa ya bweni, kule mjini, na kuingia ilikuwa kazi. Ulifanya mtihani wao, na kutoka kigango chetu alichukuliwa mtoto mmoja tu kwa mwaka, yule aliyewazidi wote, parokia ikamlipia. Mtihani tuliufanyia darasani kwetu. Hatukuandika majina, tuliandika namba. Walisema ni kwa ajili ya kuzuia upendeleo. Namba hizo hizo ndizo zilizowarahisishia kazi wezi, maana jina la mtu lina baba na mama, namba haina ndugu.

Namba kumi na saba ilikuwa ya Method.

Method ni mtoto wa Mjomba Klementi, kaka wa mama yangu. Tumekulia uwanja mmoja. Mimi nilikuwa najua kusoma maneno, lakini ukiniuliza nimesoma nini, nakwama. Method alikuwa anasoma hata vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, halafu anasikitika kwamba habari imekatikia njiani. Wachuuzi walikuwa wanamwita awapigie hesabu. Kwenye mtihani ule aliwapita wote, na kila mtu kijijini alijua atapita.

Sasa sikiliza walivyofanya, maana ninyi mliozaliwa mjini huenda mila hii mnaisikia kwa mbali. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mpwa ndiye damu ya ukoo wa mjomba, ndiye atakayerithi jina lake na shamba la ukoo. Mtoto wako wa kumzaa ni wa ukoo wa mkeo. Unampenda, unamlisha, lakini likija jambo la ukoo, mpwa anatangulia. Kobelo alikuwa ameoa huko kwetu. Alilijua hilo vizuri.

Jumamosi, siku moja kabla ya ile misa, walikuja wawili nyumbani kwa Mjomba Klementi, Kobelo na mkuu wake. Mimi niliitwa nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Method alikuwa shambani.

Mwinuka akasema, "Mzee Klementi, kijana wako amefaulu. Mpwa wako hakufaulu. Lakini shule inamhitaji mpwa wako."

"Sasa mnataka niseme nini?" mjomba akauliza.

"Usiseme kitu. Tunaomba hilo tu."

Kobelo akasogeza kiti, akaongea kwa upole kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. "Mzee, tuseme kweli. Method ni wa ukoo wa mkeo. Huyu hapa ndiye ukoo wako. Ukifa, atakayesimama mahali pako ni huyu."

Mjomba akatazama mikono yake. Halafu akasema, "Mpwa wangu aende."

Kwa mila hakukosea, na hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Mila ilimtaka mjomba amsogeze mpwa wake mbele. Haikumtaka amfute mwanawe kwenye karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Wale mabwana waliichukua mila ya watu wakaifanya ngazi ya kufikia kikombe cha mashindano, na walipokwisha kupanda hawakumkumbuka aliyewashikia ngazi.

Jumatatu ikaitwa kumi na saba, nikaitika mimi, nikaenda shule. Nilikimbia, siwezi kusema uongo, nilikimbia vizuri sana. Vikombe viliwekwa ofisini kwa mkuu, wageni wakija wanaonyeshwa. Alfajiri mazoezi, jioni mazoezi, na katikati hapo nimekaa dawati la nyuma nasinzia. Hakuna mwalimu aliyeniamsha. Walikuwa wameambiwa waniache nipumzike.

Muhula wa kwanza Bwana Lukoo alitupa jaribio la hesabu. Sikuandika hata jibu moja. Nilichora msalaba mdogo juu ya karatasi nikaomba Mungu, nikaipeleka hivyo hivyo. Karatasi ikarudi na hamsini na mbili. Nikadhani amekosea mtu, nikamfuata.

"Mwalimu, mimi sikuandika kitu."

"Jumamosi ulikimbia?"

"Nilikimbia."

"Basi umeandika."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nilijiona mjanja. Kumbe nilikuwa ninaibiwa huku nimeshikwa mkono, maana kila maksi aliyonipa bure ilikuwa somo moja ambalo hakunifundisha.

Kidato cha pili goti likanivunjikia kwenye mawe ya kilima cha nyuma ya shule, Kobelo akiwa chini na saa yake anasema niongeze mwendo. Wiki chache baadaye ukaja mtihani wa taifa. Wasahihishaji wa huko hawakuwahi kuniona nikikimbia. Walisoma nilichoandika, wakanipa nilichostahili.

Mwinuka akaniita ofisini. Vikombe vyangu vilikuwa kwenye kabati nyuma ya kichwa chake. Akaniambia, "Kijana, shule hii ni ya watu wanaosoma."

Kobelo alikuwa amekaa dirishani anafuta filimbi yake kwa leso. Hakuniangalia. Alikuwa anamweleza mwalimu mwenzake habari za mtoto mmoja wa upande wa Matombo, eti anapanda mlima kama mbuzi.

Nikarudi nyumbani na sanduku langu, nachechemea. Pale barabarani, kwenye gari la mboga, nikamkuta Method anapakia magunia ya karoti.

"Karibu, msomi," akasema. Wapakiaji wenzake wakacheka.

Nikasubiri wasogee. Nikamwambia, "Method, nisamehe."

Akajifuta jasho, akanitazama kuanzia usoni mpaka kwenye goti. "Ungerudi na cheti, ningesema angalau nafasi yangu imemsomesha ndugu yangu. Umerudi na goti. Sasa nikusamehe kwa ajili ya kitu gani?"

Akainama akashika ncha ya gunia. "Shika huko, tupakie, gari linaondoka."

Yakaishia hapo. Hajawahi kulizungumza tena. Mpaka leo anawapigia wachuuzi hesabu kwa kichwa, anamaliza kabla hawajafungua simu zao, na kila nikimwona anafanya hivyo nageuza uso.

Nimeyasema haya kwa sababu mwaka huu, mwanangu, zamu ya mjomba imenifikia mimi.

Dada yangu Yustina anaishi mjini, upande wa Kilakala. Binti yake Sesilia ana miaka kumi na minne na anakimbia, mwacheni mtoto yule anakimbia. Akatokea kocha mmoja kijana anayeitwa Banzi, wa shule ya kulipia inayojisifia kila mahali kwa ufaulu wake. Raba nyeupe, traksuti, adabu tele. Dada akamwambia kwamba bila neno la mjomba halifanyiki jambo, basi Banzi akapanda mpaka kwangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Akanionyesha picha za Sesilia kwenye simu, anakimbia, mkia wa nywele umenyooka nyuma. Halafu akasema, "Nafasi ipo. Maksi zake za majaribio ziko chini kidogo, lakini hilo tunalimaliza ofisini."

Nilisikia goti likiniuma, na hali ya hewa ilikuwa nzuri tu.

"Mnalimaliza vipi?"

"Mjomba, hayo ni mambo ya ndani."

"Mtoto gani anatolewa ili wangu aingie?"

Akatabasamu. "Hakuna anayetolewa. Ni orodha tu."

"Orodha ina mwisho. Wa mwisho anaitwa nani?"

Hakujua. Au alijua. Nikamuuliza wale wakimbiaji aliowachukua miaka iliyopita wako wapi, wangapi wamefika kidato cha nne. Nikamuuliza mtoto akiumia, kiti chake kinabaki au kinaondoka naye. Akaanza kutazama saa. "Mjomba, wewe una mambo ya zamani."

Nikamwambia, "Ninayo. Andika kwenye karatasi kwamba atafundishwa masomo anayoyakosa akiwa mazoezini, na kwamba akivunjika mguu atabaki darasani. Weka muhuri. Na mtihani ataufanya yeye, zitasomwa maksi zake. Kama mna kiwango cha chini kidogo kwa wanamichezo, kitangazeni wazi kila mzazi akione, nami nitakuwa wa kwanza kuwapigia makofi."

Maana sipingi michezo, usinielewe vibaya. Mtoto mwenye miguu ana haki ya kupewa mlango, kama mwenye sauti ya kuimba, kama mwenye kichwa cha hesabu. Shule ikisema hadharani, "Viti hivi vitano ni vya wanamichezo, na chini ya maksi hizi hatushuki, na atakayeingia tutamfundisha mpaka mwisho," hiyo ni shule. Shule inayopunguza kiwango gizani, halafu ikaacha kufundisha kwa kisingizio kwamba mtoto hawezi, hiyo ni zizi.

Banzi hakuleta karatasi. Sesilia akafanya mtihani kama wenzake, akapungukiwa, jina halikutoka. Banzi akampigia Yustina simu akamwambia, "Mjomba ndiye aliyemnyima." Sesilia akaja kwangu, hakukaa. Akasimama mlangoni, akasema, "Mjomba, wewe ulipewa nafasi ukaipoteza. Mimi umekataa hata nisipewe."

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia atakuja kuelewa, maneno ambayo watu wazima tunayasema tukiishiwa. Sasa hivi anasoma sekondari ya kata, anakimbia bado, na shikamoo ananipa pale tu mama yake anapotazama. Huenda kweli nimemkosesha. Kuna siku naamka nikiamini hivyo. Lakini kuna mtoto mmoja nisiyemjua, wa mwisho kwenye ile orodha, ambaye yuko darasani leo kwa maksi alizozitafuta mwenyewe, na mjomba wake hakuitwa kikaoni kunyamazishwa. Ningeulizwa tena, ningesema hivyo hivyo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu akikusifia miguu, muulize kichwa chako atakifanya nini. Akikupa maksi usizozitolea jasho, mrudishie mbele ya watu, na wakicheka usicheke nao. Usikubali kuitwa kwa namba ya mwenzako, hata anayekuomba akiwa mwalimu, hata akiwa ndugu yako wa damu. Na wewe mjomba, wewe mzazi, ukiambiwa "Usiseme kitu, tunaomba hilo tu," hapo ndipo useme, na useme kwa sauti jirani asikie.

Sesilia, kama haya yatakufikia, sikulazimishi unisalimie. Nakuombea tu. Mungu akulinde mifupa yako juu ya milima hii, akupe pumzi ndefu, na akupe mwalimu mmoja, hata mmoja tu, atakayekuuliza leo umeelewa nini kabla hajakuuliza umekimbia kwa dakika ngapi.