Ada ya Miaka Waliyolala

Jumatatu benki hapa Bariadi nilipanga foleni nyuma ya akina mama watatu kutoka Ngulyati, viongozi wa chama cha kuzikana. Kwa maneno yao nilielewa kwamba pamba ilipokosa bei wanachama waliacha kutoa ada, mikutano ikafa, na kijijini ikavuma kwamba mweka hazina amekula hela. Sasa wanataka kukifufua chama, ndipo mwenyekiti na katibu wakamleta mweka hazina mwenyewe benki.

Mweka hazina alikuwa amekishika kitambulisho chake kwa mikono miwili.

Karani akachapa taarifa ya akaunti. "Ukiacha makato ya benki, hakuna hela iliyotolewa," akasema.

Mwenyekiti akaipitishia kidole mstari kwa mstari. "Na hii inayoingia kila mwezi, hata miaka tuliyolala, ni ya nani?"

Karani akasoma jina. Lilikuwa la mweka hazina.

"Ni ada yangu," akasema yule mama. "Hakuna aliyeniambia chama kimekufa."

Mwenyekiti akapiga goti palepale kwenye vigae. "Mayu, mama yetu, tusamehe."

"Inuka, watu wanasubiri," akajibu, akashusha pumzi ndefu, kisha akacheka.

Nilipotoka nikampigia mweka hazina wa chama chetu cha mtaani. Miezi yote huwa namuuliza hela zetu ziko wapi. Safari hii nilimuuliza mimi nadaiwa ngapi. Akaniuliza kama naumwa.