Pikipiki Iliyovuta Kushoto

Mkunga alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoamua kujifunza pikipiki, na waliomcheka aliwaacha wacheke mpaka washibe. Zahanati ilitafuta mtu wa kuwafuata wajawazito wa mbali majumbani kwao, na sharti lilikuwa moja tu: awe na leseni. Kazi hiyo aliitaka kwa kufa na kupona. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kwenye chumba cha kupimia akiwasubiri wanawake wanaochelewa kwa sababu njia ni ndefu, na kusubiri kulikuwa kumemchosha.

Pikipiki alitafutiwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi mwenye gereji uani kwake. Mtaa mzima ulimwita Usijali, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali, hata ukimuuliza saa ngapi. Watoto wake wote watatu walipokelewa na Mkunga kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo siku walipokwenda kuiona pikipiki, Mkunga hakukagua chochote. Alisimama pembeni, mkoba kwapani, huku Usijali akipiga kiki, akiinamia injini kuisikiliza, akitikisa magurudumu, kisha akainuka akijipangusa mikono.

"Shemeji, chukua," alisema. "Ndogo, nyepesi, ya mtu anayejifunza hasa. Ingekuwa na kasoro ningekuacha uinunue?"

Masomo yalifanyika Jumamosi, katika uwanja wa shule. Mwalimu wake wa udereva alikuwa mama mmoja mwenye filimbi shingoni na mdomo usio na breki. Mkunga akianza tu kuongeza mwendo, pikipiki ilivuta kushoto. Aking'ang'ana nayo, inayumba. Akilegeza, inaelekea ukutani.

"Nyoosha!" mwalimu alipiga kelele. "Huko kulia unaogopa nini, kuna mama mkwe?"

Alianguka mara tatu, na mara ya tatu goti lilivimba mpaka akawa anawapima wajawazito akiwa amekaa kitini. Kila akienda kwa Usijali kulalamika, alijibiwa kwa upole: "Mikono yako bado mizito, shemeji. Usijali." Naye aliamini. Hajawahi kuendesha iliyonyooka, atajuaje kwamba yake imepinda? Alirudi nyumbani akijilaumu, akajiona mzee, akajiona mjinga, na asubuhi moja alikaribia kabisa kuiambia zahanati imtafute mtu mwingine.

Zikiwa zimebaki siku sita kufika mtihani, pikipiki iligoma kuwaka na mwalimu akamwazima ya kwake. Mkunga aliondoka. Ikanyooka. Alizunguka uwanja mzima akicheka peke yake, mzunguko wa pili akacheka zaidi, na katika wa tatu kicheko kikamkauka mdomoni, kwa sababu alikuwa ameanza kufikiri.

Pikipiki yake hakuipeleka kwa Usijali. Aliipeleka kwa fundi mzee aliye karibu na kituo cha mafuta. Mzee alikwangua rangi chini ya tangi, pale shingo ya fremu ilipo, akainama kutazama.

"Mama, hii iligongwa vibaya. Fremu ilikatika, ikachomelewa, rangi ikapakwa juu." Alipitisha kidole kwenye mshono. "Na mkono huu naujua. Mwisho wa mshono huwa anarudi juu kidogo, nilimkataza mpaka nikachoka. Nilimfundisha kazi mimi."

Mkunga hakuhitaji kutajiwa jina; Usijali alijifunzia kazi kwa mzee huyu. Aliisukuma pikipiki moja kwa moja hadi kwa shemeji yake, juu ya mlima, akaisimamisha katikati ya ua.

"Fremu hii ulichomelea wewe?"

Usijali alilitazama koleo mkononi mwake. "Mwenye pikipiki alinibana nimtafutie mteja," alisema hatimaye. "Nami nikajua, wengi wenu mnaojifunza ukubwani hamfiki popote. Wiki mbili umechoka, pikipiki inafunikwa kitambaa sebuleni. Sikudhani ungeendelea, shemeji."

Hilo lilimuuma kuliko goti. Kumbe kila alipoambiwa "usijali", shemeji yake alikuwa akingoja achoke.

"Niachie," Usijali aliendelea. "Nitampata mwingine anayejifunza."

"Panda," Mkunga alisema.

"Nini?"

"Panda wewe. Teremka nayo mlima huu mpaka barabara kuu."

Usijali aliutazama mlima. Hakuugusa hata usukani.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa, mdogo wake Mkunga akatoka. Jumapili tatu mfululizo ndiye aliyemkanda goti kwa maji ya moto, akimsifu kwa ujasiri wake. Mkunga alimgeukia apate wa kumwonea uchungu.

"Dada, ingieni ndani," alisema yule mdogo kwa sauti ya chini. "Majirani wanasikia."

Hakuuliza kuna nini. Mkunga aliona hilo.

"Ulijua?"

Mdogo wake alianza kuanua nguo kwenye kamba, ingawa zilikuwa bado mbichi. "Aliniambia kwa mtu anayejifunza haina neno," alijibu. Kisha akasogea karibu, akamshika dada yake mkono. "Ila tafadhali, usimwambie mama."