Mwanamke Aliyepogoa Mwasumini Wangu

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa. Yalinifika mwenyewe, hapa hapa Mitwero, jua likiwa bado linaonekana, na mama mkwe wangu akiwepo. Wallahi ni kweli.

Tulikuwa tumehamia nyumba ya kupanga. Mume wangu hununua ufuta vijijini, na msimu ukianza yeye ni Kiranjeranje na Likawage, simu mara inashika mara haishiki. Nabaki mimi, mama yake, na binti yetu Nasra, wakati huo ana miaka minne. Uani tulikuta mwasumini wa zamani, mkubwa kunishinda mimi, majani tele, ua hata moja hakuna. Na mimi kazi yangu ni kufunga vikuba vya asumini vya maharusi. Nikajiambia nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikautilia samadi ya mbuzi, nikaung'olea magugu, nikaumwagilia kila asubuhi maji niliyooshea mchele. Wapi. Ulizidi kunenepa majani tu.

Siku moja baada ya swala ya alasiri nikasikia hodi. Natoka, namkuta mwanamke ameshaingia uani, amesimama kwenye mwasumini na kisu kidogo mkononi. Rika langu, au mdogo kwangu. Khanga safi, viatu havina hata vumbi. Mlango wa uani nilikuwa nimeutia komeo mwenyewe. Sasa alipitia wapi? Swali hilo lilinijia, nikalimeza. Utamuuliza mgeni kapitia wapi kabla hujamkaribisha?

"Karibu, dada," nikasema.

"Unaulisha, huukati," akanijibu. "Asumini hutoka kwenye machipukizi. Matawi haya yamezeeka, yanakula bure."

Akaanza kupogoa bila kuniomba. Na alijua, siwezi kumnyima haki yake. Alitoa vijiti vikavu, akafupisha yale marefu, akafungua katikati hewa ipite. Mimi nimesimama namtazama mikono, kuku wangu wote wamekimbilia jikoni, na moyo unaniambia huyu mtu si wa kumwamini. Lakini ubaya wake uko wapi? Anakufanyia kazi bure.

Ndipo Nasra akatoka. Yule mwanamke akamtazama, akamtazama tena. "Mashaallah, mtoto mzuri. Wa nani huyu?"

Wewe ungejibu nini? Nilijibu nilivyolelewa, kama unavyojibu wewe kila siku. "Mwanao huyo, dada."

Kisu kikasimama. "Wangu?"

"Wako kabisa," nikasema, nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama mkwe akasikia sauti, akatoka ndani. Bibi wa watu ana miaka yake themanini na kitu, macho mazima, uzi anatunga mwenyewe. Akamwona mgeni, akasimama, kisha akainamisha kichwa kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu. "Shikamoo," akasema.

Na yule kijana wa watu akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekua."

Niliona aibu nikataka kupasuka. Nikasema moyoni, mama wa watu uzee umeanza kumla akili. Mgeni alipoondoka nikamuuliza mama mkwe, akaingia ndani akatandika mswala wake.

Haukupita muda mrefu, mwasumini ukatoa machipukizi, ukajaa vitumba, jioni nzima nyumba inanukia. Nikafunga vikuba mpaka vidole vikaniuma. Nilifurahi, sikufichi. Mwanamke naye akawa anakuja alasiri, anakata, anakaa na Nasra chini ya kile kichaka wananong'ona. Nikiwasogelea wananyamaza. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Wananong'ona nini mtu mzima na mtoto wa miaka minne?

Halafu asubuhi moja Nasra akaamka amesukwa. Nilimlaza nywele timutimu, nimepanga kumsuka mimi. Nikamvaa mama mkwe: kwa nini amsuke usiku? Akamshika mtoto kichwa, akapitisha kidole kwenye mistari, machozi yakamtoka.

"Msuko huu nilisukwa mimi utotoni, kijijini kwetu Machinga," akasema. "Alinisuka yeye. Alikuwa akipogoa maua ya jirani yetu, na alikuwa vilevile kama unavyomwona. Jirani alikuwa na binti. Walimtafuta, hakuonekana mpaka leo."

Nikalia, nikamweleza nilivyomjibu yule mwanamke kuwa Nasra ni mwanawe, nikamwambia mbona hukunena siku ile. Akasema aliogopa, na kwamba hakujua kuwa nimeshamtoa mtoto. "Umempa kwa mdomo, mnyang'anye kwa mdomo. Akija leo usimwitikie lolote. Usimpe karibu, usimpe salamu, usimpe asante. Sema mtoto ni wako, basi."

Utasema kazi ndogo. Jaribu wewe, uliyezaliwa pwani, mtu akubishie hodi ukamkodolea macho. Alikuja. Akabisha, kimya. Akaniuliza hali, nikauma ulimi. Akasema, "Nimemfuata mwanangu."

Nikamkumbatia Nasra. "Huyu ni wangu. Nimemzaa mimi. Wewe huna mtoto hapa."

Hakukasirika. Alikifuta kisu chake kwa pindo la khanga, taratibu, akatabasamu. "Haya, mdogo wangu, usilie. Basi tutamlea pamoja."

Na mimi, kwa ile raha ya kuona anageuka kuondoka, mdomo ukajisemea, "Haya, dada, asante."

Mama mkwe akapiga kelele, akaniziba kinywa kwa kiganja. Nilikuwa nimeshamaliza.

Mume wangu alirudi akaung'oa mwasumini na mizizi yake, akauchoma. Tumesomesha dua, tumehama nyumba. Nasra sasa yuko darasa la tatu, ana afya, ana akili, anapenda mihogo ya kukaanga kama watoto wenzake. Ila tangu siku ile hajaniita mama. Ananiita mama mdogo. Nimemfundisha, nimembembeleza, nimemchapa hata, Mungu anisamehe. Ananiangalia kwa huruma, anasema, "Ndiyo, mama mdogo."

Basi unayenisikia, mtu akimsifia mwanao sema mashaallah, kisha funga mdomo. Ukiitwa mbaya, itwa. Mimi majirani wananiita mwenye kiburi, kwa sababu sikaribishi mtu chakula. Wanajua nini? Tukikaa mkekani kula, Nasra hatii mkono kwenye sinia. Anatazama mlangoni, kisha ananitazama mimi, anangoja niseme karibu. Sisemi. Nakula nimeinama, na yeye ananiuliza polepole, "Mama mdogo, kwani mama amekukosea nini?"