Koti Jeupe Kaunta

Juzi niliingia duka moja la Musoma ambalo miaka ya foleni lilikosa hata sabuni. Sasa limejaa makopo ya maziwa ya unga ya watoto, na muuzaji amevaa koti jeupe kama nesi. Alikuwa akimshauri mama kijana wa Bukima ampe mtoto chupa.

"Ya kwako peke yake hayamtoshi," alisema.

Bibi wa mtoto, aliyekuja nao, akainusa chupa aliyokuwa amekoroga muuzaji. "Kwetu anayemkaribisha mgeni kinywaji anaonjaga kwanza. Yule aliyelala kwenye boksi hapo nyuma yako si mwanao? Basi mwonjeshe."

Muuzaji akafunika kopo haraka. "Huyu wangu bado ananyonya, mama."

Bibi akairudisha chupa kaunta, wakaondoka. Nami sasa nikikuta koti jeupe dukani, nauliza kwanza wanawe wanakunywa nini.