Salamu ya Wengi kwa Mtoto Mmoja

Kigogo changu, lugha ya Wagogo, kilikuwa kibovu, na sioni haya kusema. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilikuja Dodoma kumfuata mume wangu aliyekuwa akitandika reli ya Wadachi, na kwa kuwa kukaa bure sijui, nikaenda kuchemsha maji na kufua vitambaa kwenye banda la wagonjwa pale kambini. Aliyekuwa akipasua majipu na kufunga vidonda ni tabibu mmoja Mnyamwezi, aliyefundishwa kazi na daktari Mdachi. Daktari mwenyewe alipita mara mojamoja, na dawa ya usingizi alitembea nayo.

Kwa hiyo watoto walikatwa wakiwa macho. Wanaume wawili wanamkandamiza, mtoto anapiga mayowe na kurusha miguu, kisu kinateleza. Nilichukia mno! Siku moja uzalendo ukanishinda, nikamwambia yule tabibu kwamba hata ng'ombe akikamuliwa hubembelezwa kwanza.

"Haya, mbembeleze wewe, mama mwenye maneno," akanijibu.

Nikapiga magoti mbele ya mtoto mwenye jipu pajani, nikajitia kumwamkia kwa lugha ya kwao: "Mbukwenyi!" Kilio kikakatika. Akanitazama, akageuka kutazama nyuma yake, kisha akaangua kicheko. Lo, nimesema nini tena? Kumbe mtu mmoja huamkiwa mbukwa. Mbukwenyi ni salamu ya watu wengi.

"Niko peke yangu!" akasema. "Hao wengine umewaona wapi?"

Kwa aibu nikamshika pua, nikamwambia wa pili si huyu hapa? Akakataa katakata. Nikashika sikio, akakataa tena, akanifundisha salamu polepole kama anayefundisha mjinga. Tulipomaliza kubishana, jipu lilikuwa limeshapasuliwa.

Basi tangu siku hiyo nikawa nakosea kwa makusudi. Mtoto wa Kigogo huwezi kumharibia salamu akanyamaza; atakusahihisha hata kisu kikiwa mguuni. Wanaume wa kukandamiza wakarudishwa kwenye reli. Nami kichwa kikavimba, nikajiona fundi.

Ndipo akaletwa binti wa miaka kama saba, kutoka upande wa Msalato. Alibebwa mgongoni na jirani yao, mwanamke wa maneno machache aliyesema tu, "Mwiba," akamketisha mkekani. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama kwenye unyayo, mguu umevimba hadi gotini, unang'aa. Tabibu aliubonyeza akanivuta kando. Akasema usaha usipotolewa leo utapanda, na mtoto tutamzika. Akasema pia pale pa kukata pana mshipa karibu, na mtoto akiruka mara moja tu, basi.

Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa na salamu yangu. Nikapiga magoti, nikatabasamu. "Mbukwenyi!"

Hakucheka. "Niko peke yangu," akasema.

Mimi na kiherehere changu nikaendelea vilevile kama siku zote. "Muongo wee! Wenzako umewaficha wapi? Hebu nitajie."

Jirani akaniinamia sikioni. "Ndui, mama. Imemaliza nyumba nzima."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilifungua mdomo niyafute yale maneno, nimwambie mwanangu nisamehe, lakini yeye alikuwa ameshaanza kujibu.

"Mama," akasema.

Mguu ulikuwa umetulia. Mwili wote ulikuwa umelegea, macho yake yanatazama mahali ambapo sisi hatukuwapo. Tabibu alinitazama, kisu mkononi, ananiuliza kwa nyusi. Sikujua kama ninachofanya ni huruma au ni ukatili, na mpaka leo sijui. Nikamkubalia kwa kichwa.

"Baba," akasema mtoto, na kisu kikaingia. Alikaza vidole kwenye kifundo cha mkono wangu mpaka kucha zikanichubua, lakini mguu haukuruka. Akamtaja kaka yake, yule aliyekuwa akikamua ng'ombe mweusi kwa sababu watu wengine ng'ombe huyo aliwapiga mateke. Akamtaja mdogo wake, ambaye hajaanza kutembea, ambaye akilia anapewa kidole anyonye. Kila mmoja alimtaja na jambo lake. Mimi nilikuwa nalia bila sauti na kusema, "Ehe, na mwingine?"

Mguu ule ulipona, niseme mapema msije mkakaa roho juu. Usaha ulitoka, mwiba ukatoka, na baada ya wiki chache nilimwona akichechemea kuelekea kisimani. Lakini siku ile tabibu alifunga kitambaa, akanawa mikono, akafuta kisu chake akakirudisha sandukuni, kisha akaja kuchuchumaa mkekani pamoja nasi. Mtoto alikuwa bado hajamaliza kuwataja.