Bendera Hujishonei Mwenyewe

Mama Pindo alikuwa ameshona bendera ya nchi jirani kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushona ya nchi yake hata moja. Usimcheke. Ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Tangu nchi hizi mbili zilipopigana bega kwa bega zikamtimua adui aliyekuwa amezikalia zote mbili, zilikubaliana jambo moja ambalo halikutoka kwa wanasheria bali kwa askari waliochoka: kila mwaka, siku ya ushindi, bendera yenu tutashona sisi, na yetu mtashona ninyi. Wakubwa wamekuja na kuondoka, mpaka umefungwa na kufunguliwa kwa ugomvi wa sukari na wa samaki, lakini bendera hazijawahi kukosa.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi za serikali. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia iliyoenea kutoka ukuta hadi ukuta, cherehani mbili, pasi nzito, na redio isiyoshika stesheni yoyote ila ile asiyoitaka. Jina la Mama Pindo alilipata kazini. Upepo wa juu ya mnara wa ushindi, bendera zinakopepea mwaka mzima baada ya sherehe, huanza kuzila pindoni, na pindo lake yeye halikuwahi kuliwa.

Fundi mwenzake wa ng'ambo hakuwahi kumwona. Bendera iliyotoka kule ilifika siku ya sherehe ikiwa imekunjwa, pindo tu nje, na Mama Pindo alipewa dakika moja ya kuikagua kabla askari hawajaipeleka mlingotini. Dakika hiyo aliingoja mwaka mzima. Alipitisha kidole kwenye mishono midogo, iliyonyooka, iliyorudiwa mara mbili, kisha akirudi nyumbani humwambia mumewe, "Yule dada ana mkono, jamani!"

Mwaka huu, Jumatatu, siku nne kabla ya sherehe, Bwana Itifaki aliingia karakanani ameshika barua. Alikuwa kijana nadhifu wa idara ya sherehe, suti haina hata mkunjo, kitambulisho kinaning'inia kifuani.

"Mama, tumepata pigo," akasema. "Fundi wa ng'ambo amevunjika mkono. Bendera yetu haiji. Lakini usijali, stoo tunazo za kiwandani. Tutapandisha mojawapo."

Mama Pindo akaweka mkasi mezani taratibu, na waliomjua wangeanza kutafuta mlango.

"Ya kiwandani? Siku ya ushindi? Mwanangu, wewe umerogwa?"

"Sasa tufanyeje? Au ushone wewe."

"Bendera hujishonei mwenyewe! Ukijishonea, wao wana kazi gani na sisi? Nipe namba ya simu ya huyo fundi."

"Mama, hayo mambo yanapitia ubalozini..."

"Namba."

Namba ikapatikana. Mama Pindo akapiga, moyo unamdunda kama anayeposwa. Ikapokelewa na sauti nzito, kama ya mtu anayebeba magunia.

"Haloo?"

"Naomba kuongea na fundi wa bendera. Yule dada."

"Dada gani? Fundi ni mimi."

Mama Pindo akatafuta kiti. Miaka thelathini na moja! Akajikaza, akasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ni wewe? Wa pindo?" Ile sauti nzito ikapanda ghafla. "Ni wewe kweli? Loo! Mimi kila mwaka nalipapasa pindo lako mpaka askari wananisukuma!"

Basi wakaongea wote kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake, hadi Bwana Itifaki akakohoa. Fundi, kumbe mzee wa tangu enzi za vita, akaeleza: alipanda stuli kufikia rola la uzi, stuli ikaenda huku, yeye kule, na mkono wa kulia sasa uko ndani ya plasta.

"Nimelia, dada. Si kwa maumivu. Tangu vita viishe, bendera yenu sijaikosa hata mwaka mmoja. Niende kaburini na deni hilo?"

"Kaka, kichwa chako kizima?"

"Kizima."

"Basi utashona wewe. Mimi nitakuazima mikono."

Bwana Itifaki akataka kujua kama hilo linaruhusiwa. Mama Pindo akamwambia akasome makubaliano: yamesema nani ashone, hayakusema kwa mikono ya nani. Kijana akaenda kuleta kitambaa.

Siku tatu zile! Simu iliegemezwa kwenye kopo la vifungo, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na mzee alishona kutoka kitandani kwake kama yuko palepale. Mstari wa kijani juu, mweupe katikati, kijani tena chini. "Usivute, bendera si suruali!" "Punguza mwendo, nasikia cherehani inakimbia." "Hapo umepindisha." Na kweli, Mama Pindo akitazama, amepindisha. Mikono yake iliyozoea bendera ya wenzao ilikuwa migeni kwenye hii ya kwake, ikikosea mambo ambayo mwanafunzi asingekosea, na alifurahi kukaripiwa kama msichana aliyeanza kazi juzi. Mumewe, ambaye ni kinyozi, alipopita kumletea chakula cha mchana, alisimama akasikiliza ile sauti nzito, akatikisa kichwa.

"Kumbe dada mwenyewe ana ndevu," akasema. "Na mimi nilikuwa nampelekea salamu."

Alhamisi wakafika kwenye nyota, ile ya buluu inayokaa kwenye mstari mweupe. Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

"Sentimita arobaini na nane," mzee akasema.

"Thelathini na sita," akasema Bwana Itifaki, kitabu cha sheria kiko wazi mkononi. "Mama, nimesoma mara mbili. Thelathini na sita."

Simuni kitanda kikalia, mzee akijiinua. Mama Pindo akaiinamia. "Kaka?"

"Kitabu hicho kinasema kweli," mzee akajibu polepole. "Lakini mimi sijawahi kushona ya thelathini na sita. Wakati wa vita, siku tuliyotaka kuvuka daraja la mpakani, bendera yenu iliungua. Vijana wenu wakakataa kuvuka bila bendera, na adui yuko upande wa pili. Nikaambiwa, wewe fundi, shona. Kitambaa cheupe kilikuwa kimoja tu, shuka la majeruhi wenu, na katikati lina tundu lililotobolewa na risasi. Ningefanyaje? Nikaikuza nyota hadi ikaziba tundu. Wakavuka nayo. Wengine hawakurudi. Tangu siku hiyo, mkono wangu unakataa kuipunguza."

Mama Pindo akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akachukua chaki na tepu ya kupimia.

"Ni arobaini na nane," akasema.

"Mama, kesho kuna kamera za nchi mbili! Wakubwa wote watakuwepo. Mtu akipima, kazi sina."

"Nani atapanda mlingoti kupima? Hebu nipe hicho kitambulisho chako."

Kwenye kitambulisho, nyuma ya jina la idara, palikuwa na picha ya mnara na bendera yake ikipepea. Mama Pindo akaweka tepu juu ya ile picha ndogo. Nyota ilikuwa nene, imeshiba, karibu inagusa kijani.

"Unaivaa kifuani kila siku," akamwambia. "Leo ndiyo unaigundua?"

Bwana Itifaki akaisogeza picha ile hadi machoni. Kisha akavua koti la suti, akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati.

"Nishike wapi?" akauliza.

"Shika kona hiyo. Na usivute, bendera si suruali."

Ijumaa asubuhi uwanja ulifurika. Mama Pindo alisimama nyuma ya bendi, simu sikioni, roho juu juu. Tarumbeta zikalia. Bendera mbili zikaanza kupanda pamoja, na upepo ukazipokea nusu ya njia. Nyota kubwa ya buluu ikafunguka. Askari wazee wa pande zote mbili, waliokalishwa mbele, wakasimama wenyewe bila kuamriwa.

"Imepanda?" mzee akauliza.

"Imepanda, kaka! Imepanda yote! Umeshona!"

Mzee akacheka, akalia, akacheka tena. Halafu akasema, "Dada, na mimi nikuambie kitu. Itazame bendera yetu hapo, ile pacha uliyoishona ibaki kwenu. Mstari wa chini."

Mama Pindo akautazama mstari wa manjano chini ya ule mwekundu.

"Mwaka wa kwanza ulioshona wewe, mstari huo ulikuja mwembamba kuliko wa juu kwa vidole vitatu."

Mama Pindo akainua vidole vitatu, akavilinganisha na ule mstari. Akakumbuka mara moja. Kitambaa cha manjano kilimpungukia, yeye ni mgeni kazini, akaogopa kumwambia mkubwa wake, akapunja. Mwaka uliofuata akapima kwa kielelezo chake mwenyewe, na uliofuata, na uliofuata.

"Miaka thelathini na moja, kaka? Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Ilitoka kwenu. Wakubwa wetu walikaa kikao, wakabishana mchana kutwa, mwishowe wakabadilisha sheria yetu ifanane nayo. Huku mtoto wa darasa la kwanza akichora mistari sawa, anakosa maksi."

Mama Pindo akaegemea nguzo ya kipaza sauti iliyo karibu. Kosa lake lilikuwa pale juu, mbele ya halaiki yote, linapepea kwa heshima na wanajeshi wamelipigia saluti. Alicheka hadi mpiga ngoma akageuka.

"Basi, kaka," akasema alipopata pumzi, "mwakani niurudishe upana wake?"

"Thubutu!" mzee akafoka. "Ukiongeza hata unyuzi mmoja, umevunja sheria yetu!"